Mapaja Yaliyobaki Nyumbani

Asubuhi ile MaThabang alimwogesha mjukuu wake kwenye beseni la bluu, akaanza na kichwa na kumalizia na vidole vya miguu, kama alivyowaogesha wanawe wote. Mtoto alilia alipooshwa mgongo, akanyamaza alipooshwa tumbo. Bibi akamkausha, akampaka mafuta, akamviringisha kwenye flana na kumpeleka kwa mama yake, Liteboho, aliyekuwa amekaa mkekani ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, bakuli tupu la uji wa mtama kando yake. Mtoto akanyonya. Kuku walikuwa wakiparura nje, mmoja akachungulia ndani, akafukuzwa.

"Akishiba mcheulishe kwanza, ndiyo umlaze chali," alisema MaThabang. "Ukimlaza na hewa tumboni, hatalala yeye wala sisi."

"Mama, kila siku unaniambia hilo hilo."

"Na kila siku unasahau."

Mtoto aliitwa Nyakallo. Alikuwa wa kwanza wa Liteboho, na kwa hiyo alizaliwa hapa kwa bibi yake mzaa mama, kama watoto wote wa kwanza wanavyozaliwa. Baba yake, Tseliso, alipokuja kuuliza habari, majirani wanawake walimwendea kimyakimya kwa nyuma na kummwagia ndoo nzima ya maji. Hivyo ndivyo alivyojua amepata binti. Akacheka, akajikamua shati, akarudi mgodini ng'ambo ya mpaka bila kumwona mtoto, kwa sababu tete, unyasi mrefu wa mtoni, lilikuwa limeshachomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mlango.

Tete likiwa juu ya mlango, mwanamume haingii. Anayetoka msibani haingii. Anayetoka safari ya mbali anakaa nje kwanza, anaoshwa miguu mpaka ipoe, kwa sababu miguu ya moto humchoma mtoto mchanga asilale. Na mzazi mwenyewe hatoki. Anakula, ananyonyesha, analala pale pale na mtoto wake, mpaka siku watu wa upande wa baba watakapokuja, pombe ya mtama iwe imeiva, tete liondolewe na mtoto atolewe nje aonyeshwe dunia. MaThabang alikaa hivyo kwa kila mtoto aliyemzaa. Mama yake vilevile.

Ila wao hawakushona jinzi kiwandani.

Habari ililetwa na Ntsoaki, rafiki yake Liteboho, aliyekuwa akikaa naye cherehani jirani kule kiwandani mjini. Alinawa miguu, akaingia, akamsifu mtoto, akanywa uji. Alipomaliza uji hakuwa na pa kuchelewea tena.

"Msimamizi anasema likizo yako imekwisha. Jumatatu usipokuwepo kwenye kiti, kiti kina mtu. Wanaotafuta kazi wako nje pale getini kila asubuhi, Liteboho, wengine wamekuja na mito yao ya kukalia."

"Mtoto hajajua hata kucheka," alisema MaThabang.

"Nilimwambia, Mama. Akaniuliza kama kucheka kunashona mfuko."

Wakajaribu maziwa ya kopo. Nyakallo akayatema. Wakajaribu maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kijiko, kwa kikombe, kwa kidole. Akayatema yote kwa adabu, bila kelele, kama mtu mzima anayekataa chai. Watu wa Tseliso walikuwa mbali na mtama wa pombe ulikuwa haujalowekwa, hivyo tete lisingeweza kuondolewa kabla ya Jumatatu. MaThabang aliwaza kulichomoa mwenyewe kwa mkono, akaona vibaya. Akasema moyoni, likae, angalau limkinge mtoto mama yake akiwa hayupo. Jumapili alisali rozari nzima akiwa amempakata Nyakallo, akaomba jambo moja tu, kwamba mtoto asilale njaa.

Jumatatu alfajiri Liteboho alinyonyesha, akamlaza mtoto, akavaa koti, akapita chini ya tete na kwenda kazini.

MaThabang alikaa kusubiri kilio. Jua likapanda. Mbuzi wakafunguliwa. Mtoto hakulia. Alipoingia ndani alikuta blanketi la Liteboho limejiinua mkekani kama mtu aliyekaa, akalifunua pembeni. Mapaja ya mwanawe yalikuwa pale, yamekunjwa vizuri, na tumbo juu yake, na kifua chenye maziwa. Mikono haikuwepo, wala kichwa, wala miguu kuanzia magotini. Nyakallo alikuwa amejikunja katikati, ananyonya, sikio moja limefunikwa na nywele zake laini.

MaThabang alipiga ishara ya msalaba. Kisha alilirudisha blanketi, kwa sababu mlangoni kulikuwa na upepo, akaenda kubandika maharage.

Jioni Liteboho alirudi amechoka. Sketi ilimning'inia wima kama iliyo kwenye kamba ya kuanikia. Mama yake alimwosha miguu pale nje kwa maji baridi, akaimwagia tena.

"Leo nimesimama kutwa," alisema Liteboho. "Nikikaa kwenye kiti nateleza. Sina cha kukalia."

"Umetoka tete likiwa juu. Ulitegemea nini? Kilicho cha uzazi kimebaki uzazini."

"Analia?"

"Halii. Amenyonya, amelala, amenyonya, amelala. Msimamizi kasemaje?"

"Kaniangalia juu mpaka chini. Akasema kiwanda kiliajiri mikono, na mikono naiona. Kanihamishia meza ya kukata nyuzi, huko wanasimama."

Aliingia ndani, akakaa mkekani pale pale penye blanketi, akawa mzima. Nyakallo alifumbua macho, akamtazama, akayafumba tena. Hakuona tofauti kubwa.

Wakapanga maisha yao hivyo. Mapaja hayakuwa na mabega, kwa hiyo kumcheulisha mtoto ilikuwa kazi ya bibi. Alijifunza dalili zake. Maziwa yakikaribia kushuka, blanketi lililowa sehemu mbili. Mtoto akishiba, mapaja yalianza kutikisika polepole, kushoto na kulia, na hapo MaThabang alimchukua, akampigapiga mgongo mpaka acheue, akamlaza chali kando yake. Akiamka anarudishwa. Kwa mpango huo bibi aliweza kufua, kulima bustani, hata kwenda kwenye kikao cha wanawake wa Mtakatifu Anna, mradi jirani abaki kusikiliza.

Muuguzi wa kliniki alikuja na mzani wake wa kuning'iniza. Alikuwa mwanamke, akanawa miguu, akaingia. Alilifunua blanketi, akatazama, akalifunika.

"Ni maziwa ya mama tu?"

"Ya mama tu."

"Vizuri. Msimpe maji." Akamning'iniza Nyakallo, akasoma, akakunja uso. "Lakini haongezeki. Ananyonya vizuri kutwa?"

MaThabang alikuwa ameliona hilo lakini hakutaka kulisema. Asubuhi kifua kilijaa. Jua likishapita utosini mapaja yalianza kupoa, blanketi lilikauka, na Nyakallo alivuta, akavuta, akatupa kichwa nyuma na kupiga kelele. Usingizi wake wa mchana ulikuwa wa kukatikakatika. Kope zilifumba, ngumi hazikufunguka.

Jioni ile hakumwosha mwanawe miguu mara moja. Alimsimamisha nje.

"Unakula nini mchana?"

"Sili, Mama. Mstari wetu wa cherehani usipofikisha idadi ya suruali, wote tunabaki."

"Maji?"

"Nikinywa maji nitataka kwenda chooni. Kibao cha ruhusa ya choo ni kimoja kwa mstari mzima. Ukikiomba mara mbili unaitwa ofisini."

MaThabang alishika ndoo bila kuimwaga.

"Sasa hebu nisikilize. Kinywa unacho wewe huko. Kifua kiko hapa. Usichokitia huko, huku hakishuki. Mwanao anapunguzwa na kibao cha choo."

Liteboho alianza kulia, lakini kidogo, kwa sababu hata machozi aliyawekea akiba.

"Usilie, utakauka," alisema mama yake, na akamwosha miguu.

Kesho yake alimpikia uji wa mtama, ule mchachu uliolazwa, mwepesi wa kumezeka, akautia kwenye chupa ya plastiki. Chupa ilirudi jioni imejaa. Msimamizi alikuwa amesema uji ukidondokea jinzi, jinzi hainunuliwi, na hiyo suruali atailipa nani. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Nyakallo alilia mchana ule mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mtu amefiwa. MaThabang alimbeba mgongoni, akamzungusha ndani ya nyumba, akamwimbia nyimbo za kanisani zote anazozijua kisha akazirudia. Alisali akitembea. Hakumwomba Mungu muujiza mwingine. Aliona si adabu, wa kwanza ungali mkekani. Aliomba tu mtu mmoja mwenye akili.

Mtu huyo akawa Ntsoaki. Aliyasikia mambo kwa Liteboho wakiwa getini, akasema, "Na ulikuwa unangoja nini kusema, mjinga wewe? Lete hiyo chupa."

Mstari wa kiwandani uko hivi: mmoja anashona mfuko, anamsogezea wa pili, wa pili anashona zipu, anamsogezea wa tatu, mpaka suruali inafika kwenye meza ya nyuzi. Ntsoaki aliifunga chupa ndani ya mguu wa suruali na kuisogeza. Kila mwanamke aliisogeza na suruali zake. Wa mwisho, mshona pindo, mama mmoja mnene asiyependa mtu, aliitoa, akamwekea Liteboho mdomoni, akamhesabia mafunda, akamfuta kinywa kwa kiwiko chake mwenyewe. Mikono ya Liteboho haikuacha kukata nyuzi. Msimamizi alipita, akaona mikono inakwenda, akapita. Na kibao cha choo, wale wengine walijibana, wakamwachia zamu zao, kila siku mwingine.

MaThabang hakuyaona hayo. Aliyaona ya kwake. Mchana ule alikuwa akichambua mboga, mtoto akinung'unika kwenye mapaja yaliyopoa, mara blanketi likalowa sehemu mbili, likalowa mpaka mkekani, na Nyakallo akameza kwa pupa akapaliwa. Bibi akamwinua, akampulizia usoni, akamrudisha. Aliponyonya mpaka akachoka, ngumi zilifunguka moja moja. Akalala mpaka mbuzi wakarudi.

"Leo mmefanya nini huko?" aliuliza jioni.

Liteboho akasimulia. MaThabang akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama mnene anaitwa nani?"

"Hatumjui jina. Tunamwita Pindo."

"Nitamwombea kwa jina hilo. Mungu atamtafuta."

Mwisho wa mwezi Tseliso alikuja kutoka mgodini. Hakuingia. Alikaa nje ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa msonge, mkwewe yuko ndani upande wa pili, wakaongea hivyo kupitia udongo.

"Mama, shikamoo. Na mimi nimwone lini mtoto?"

"Marahaba, mwanangu. Tete likiondoka."

"Watu wangu wako tayari. Mtama tumeloweka. Kwetu wanasema mtoto amekaa uzazini mpaka anaaibisha. Wanauliza kama ni mtoto au ni askofu."

"Tete likiondoka leo, Jumatatu mkeo ataondoka na mapaja yake yote. Mtoto atanyonya ukuta?"

Tseliso aligeuka, akaweka sikio ukutani. Alisikia mtoto akicheua upande wa pili.

"Ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

"Ana sauti nene."

"Ya baba yake."

"Basi likae," alisema Tseliso. Lakini hakuinuka, na MaThabang alisikia koti lake likikwaruza ukuta kila alipopumua.

Jambo lililomkera zaidi MaThabang lilikuwa ubatizo. Mtoto hawezi kutolewa nje tete likiwa juu, na padri ni mwanamume. Wanawake wa Mtakatifu Anna walilijadili kikaoni, wengine wakisema padri si mwanamume kama wanaume wengine, wengine wakisema ndevu zake wameziona. MaThabang aliwasikiliza wote, kisha akasema tete liko juu ya mlango, halikuchomekwa juu ya dirisha.

Jumapili hiyo padri alisimama nje ya dirisha na bakuli lake. MaThabang alimtokeza Nyakallo kichwa tu, amevaa kofia ya kufumwa, ikavuliwa, akamwagiwa maji. Mtoto alikunja uso, hakulia. Tseliso alisimama nyuma ya padri, amekunja kofia yake mikononi. Aliuona utosi, sikio moja na nusu ya shavu. Walimwambia anaweza kugusa, akagusa sikio.

"Ni laini," aliwaambia watu, kana kwamba walikuwa wamebisha.

Baada ya hapo Nyakallo alinenepa. Mikunjo ilitokea mapajani mwake, kisha kwenye vifundo vya mikono. Usiku alilala na mama yake mzima, mchana akalala na mapaja yake, na kama alipata shida yoyote ya kuwaelewa hakuionyesha. Siku aliyocheka mara ya kwanza alikuwa na bibi yake tu. Mapaja yakatikisika, ingawa haikuwa saa yake, na jioni Liteboho aliingia akisema, "Leo alicheka, sivyo? Nilisikia kitu tumboni, nikacheka peke yangu mezani, wakadhani ni uchovu."

Kiwandani watu huulizana. Mwanamke mwingine alijifungua, akatoka na tete likiwa juu. Kisha mwingine. Kwenye miteremko ya pale kijijini na vijiji vya jirani, matete yalikaa juu ya milango mpaka yakapauka kwa jua na ndege wakazoea kuyatulia. Ndani kulikuwa na blanketi zilizojiinua na mabibi waliokwenda na kurudi. MaThabang aliitwa huku na huku kufundisha dalili: blanketi likilowa, mapaja yakitikisika, mtoto acheulishwe, alazwe chali, na mzazi huko aliko ale mchana.

Wenye kiwanda nao waliona. Waliona kwamba kuna wanawake wanaosimama bila kulalamika, na kwamba waliosimama wanakaribiana zaidi, meza moja inachukua wengi. Wakatoa viti vya mstari wa kwanza, kisha vya mstari wa pili, wakainua meza za cherehani juu ya matofali. Asubuhi moja ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba, kwa kuwa imeonekana wazazi wanaweza kurudi kazini mapema bila madhara kwa mtoto, likizo itapunguzwa. Wanawake walisikiliza mikono ikiendelea. Pindo alisema neno moja ambalo Liteboho alikataa kulirudia mbele ya mama yake.

"Lilikuwa neno baya?" aliuliza MaThabang.

"Baya sana, Mama."

"Afadhali. Mimi nisingeweza kulisema."

Nyakallo akajua kukaa mwenyewe. Akaanza kunyang'anya kijiko. MaThabang alimpa uji laini wa mtama, akautema wa kwanza, akaulamba wa pili, wa tatu akaufuata kwa mdomo wazi. Mchana alinyonya kidogo, akateremka kwenye mapaja ya mama yake na kutambaa kwenda kung'ang'ania masufuria. Mapaja yalibaki chini ya blanketi, yametulia, kama mtu aliyemaliza kazi na hajaruhusiwa kuondoka.

Watu wa Tseliso wakaja na pombe iliyoiva. Tete likaondolewa, mtoto akatolewa nje, akaonyeshwa jua, ng'ombe na baba yake. Alimshika baba yake pua na hakuiachia mpaka alipopewa kitu kingine. Wakala, wakacheza, wakaimba mpaka jioni.

Jumatatu Liteboho alipopita mlangoni aliondoka mzima. MaThabang aliukunja mkeka, akaufagilia chini, akauanika. Kutwa alijikuta akitembea kwa kuzunguka mahali pale, mguu ukikataa kukanyaga.

Jioni mwanawe alirudi, sketi imejaa tena. Nyakallo akatambaa kumpokea, akapakatwa, akanyonya kwa fujo akimtazama, mkono mmoja ukimchezea kifungo cha koti.

"Umekaa leo?" aliuliza MaThabang.

"Nikalie wapi? Viti vyote walishaviuza." Alisema bila hasira, akimpapasa mtoto mgongo. "Nimesimama na mapaja yangu yote. Kumbe ni mazito."

Macho ya Nyakallo yalikuwa yakifumba na kufumbua.

"Ntsoaki amerudi leo," Liteboho alisema. "Amejifungua mvulana. Kasimama kulia kwangu, sketi imening'inia hivi. Mchana nilimnywesha chai yangu, lakini chai haimfai, maziwa hayashuki kwa chai. Kesho nipikie uji, Mama, kama ule wa kwangu."

"Mtoto wake ananyonya vizuri?"

"Asubuhi tu."

MaThabang aliinuka, akaenda kwenye kapu la mtama, akapima wa kulowekwa. Akatazama, akamfikiria mtoto anayenyonya asubuhi tu, akaongeza viganja viwili.

"Mwambie huyo Pindo awe anamhesabia mafunda," alisema. "Na wewe mcheulishe huyo kabla hujamlaza."